Chini ya Kijani

Malindi haina reli.
Ukitaka treni, panda gari hadi Mariakani
ukangoje, na pengine usiione.

Na bado kila Jumamosi, saa kumi na nusu,
Chengo wa Mwarandu huja bandani kwangu, Maweni,
hulipa shilingi ishirini kama mtoto wa shule,
huketi benchi la mbele, kando ya spika iliyopasuka,
na kuniuliza:
"Leo, Nyevu, ina treni?"

Ikiwa ina treni, hutoa daftari.
Mapenzi hayamhusu. Bunduki hazimhusu.
Bwana harusi aanguke kutoka darini, Chengo kimya.
Lakini injini ikichomoza konani, moshi mbele,
huinuka nusu, mkono hewani:
"Simamisha hapo! Rudisha kidogo!"
Vijana wa bodaboda humzomea.
Treni ikishapita, naye huyo, kashatoka.
Filamu imebakiza saa nzima.

Daftari nimelisoma. Mwandiko wa fundi, herufi za kusimama.
*Wanasema ni mwaka wa vita.
Rangi hii ilikuja vita vimekwisha, watu wameshazaa.*
*Imetoka stesheni na magurudumu manane,
imefika darajani na sita. Injini mbili. Wezi hawa.*
*Honi si yake. Ameazimwa ya dizeli,
ajuza kutiwa sauti ya kigori.*

Siku ile filamu ilidai tuko Bara Hindi.
Maandishi ya Kihindi ubavuni, abiria juu ya mabehewa,
na nyuma yao, ekari kwa ekari, mkonge.
Injini ya kijani cha chupa, bendi mbili za manjano.
Nilimngoja apige kelele.
Hakupiga.
Akaja hadi kwenye mashine, akaniambia sikioni,
"Rudisha. Tafadhali."

Nikarudisha mara nne. Vijana wakadai pesa zao.

"Tazama tangi, chini ya ngazi. Kile kibonyeo
kama sufuria iliyoangushwa. Kiliingia Voi,
usiku, dreva kasinzia.
Na hicho kijani," akasema, "ni changu."

Walikuja karakana na kofia zao za ukili,
wakampa ngazi, ndoo nne, na bahasha.
Siku tatu alipaka juu ya maruni
aliyoipaka mwenyewe miaka tisa nyuma.
Alifungua bamba la jina, jina la mlima,
skrubu sita, akalilaza juu ya gunia.
Nani alilichukua hajui mpaka leo.
Wenyewe wakaondoka na filamu yao.
Injini ikakatwa vyuma ingali kijani,
ikafa na nguo za kuigizia.

"Picha yake ya maruni?"
"Nani angepiga picha kazi ya kila siku?"

Ukurasa wa siku ile una mstari mmoja.
*Ni yeye. Rangi si yake. Rangi ni yangu.*

Mwezi uliopita kampuni ya simu
ilileta ndoo na vijana watatu:
banda langu lipakwe bure, jekundu lote,
nembo yao mlangoni, kubwa kuliko mlango.
Nilikubali. Bure ni bure.
Chengo akaja Jumatatu, siku isiyo na filamu,
akachutama nyuma ya bawaba ya chini
akabandika kipande cha utepe,
upana wa sarafu yangu ya ishirini.
Vijana wakacheka, wakapaka juu yake.

Jioni akaubandua taratibu, kama anayetoa plasta kwa mtoto.
Buluu yangu. Akakwaruza kwa kucha:
pinki ya saluni ya marehemu Dama.
Akakwaruza tena: manjano,
duka la mafuta ya taa, kabla sijahamia mtaa huu.

"Andika tarehe," akaniambia.
Sikuwa na kalamu.
Nikaokota msumari.