Deni la Mwashi

Mwinyi Mshamu kafa, nami namdai.
Sikuja barazani kulia;
wa kulia wapo, na wamekwisha kulipwa.
Kadhi kasema: sanda kwanza, deni pili, wosia tatu,
ndipo watoto wagawane.

Basi niandikieni.

Ukuta wa kwanza nilimjengea hana hata ndevu,
babake yungali akipita Mkumbuu na mitawanda,
ka, ka, ka, watu wakijibanza.
Ulikuwa ukuta wa choo.
Umwinyi huanzia hapo, kwenye kujisitiri.

Mwaka wa arusi, vidaka ishirini na vinne.
Chokaa niliichoma kwa magogo ya mikoko,
nikaifukia, ikalala mwaka, ikawa laini kama samli.
Alipanga humo vibakuli vya Uchina,
chupa ya marashi iliyokwisha,
na msahafu. Siku moja nilimwona kaushika juu chini,
midomo inamcheza.
Nilikuwa juu ya jukwaa. Nilinyamaza.

Mwaka wa njaa alifungua ghala.
Liandikwe na hilo, maiti hadhulumiwi.
Alipima mtama kwa mkono wake, pishi kwa pishi,
na kila pishi aliikumbuka.
Mvua iliporudi,
nusu ya makonde ya Ndagoni yalikuwa yake.

Mwisho, kaburi. Alilisimamia mwenyewe akiwa mzima,
anakohoa, anainua fimbo:
nguzo ipande kidogo, bakuli lile lizame zaidi.
"Ujira wako," akasema, "nikishalala humo."
Haya. Kalala.

Sasa Shaali anataka siwa,
na Mwana Hadiya anataka siwa isipewe Shaali.
Pembe ya ndovu haina thumni wala sudusi;
ukiikata, haitoi sauti, inatoa vifungo.
Makonde, mbuzi, sufuria ya shaba, vitambaa vya Kambaya:
karani kajaza ubao pande zote mbili.

Mnaniomba nimsamehe marehemu,
asining'inie na deni huko aliko.
Nitasamehe. Vidaka, nguzo, choo, vyote.

Ila yule kijana aliyeegemea mlango wangu,
mwana wa suria Faida,
tangu asubuhi hajaambiwa kaa.
Jina lake Ngwali, na karani hakuliandika.
Pua ile haitaki shahidi.

Sogeeni. Mimi kazi yangu kupima,
na jicho langu halijanidanganya bado:
hapo mkekani, kati ya Shaali na dadake,
pana shibiri tatu.
Zinamtosha mtu.