Bei ya Makaa

Hakulia. Angelia tungejua.
Alilipa tu.

Muuza makaa pale Kadutu alitaja bei ya wizi,
bei ya mgeni aliyeshuka melini jana,
na mama, Cibalonza binti Mugaruka,
miaka thelathini na tisa nyuma ya beseni la sambaza,
yeye aliyewahi kumrudisha mtu toka Nyawera mpaka sokoni
kwa ajili ya faranga mia,
akafungua kitambaa, akatoa noti, akatazama chini.
Nilisimama na gunia kichwani
nikaogopa bila kujua naogopa nini.

Ni uzee, alisema kaka Zihindula kwenye simu.
Malaria ya zamani, alisema jirani. Tukanunua vidonge.
Mchungaji akaja na mafuta.
Mama aliwashukuru wote, akarudi kitandani saa nane mchana,
na usiku nilimsikia yu macho, akigeuka, akigeuka,
mvua ikipiga mabati kama mtu anayehesabu na kukosea.
Kiuno, alisema. Kichwa. Miguu.
Bugali lake lilirudi na alama ya kidole kimoja.

Muuguzi Bisimwa, kijana wa viatu vya matope,
hakuanza na kiuno.
Mama, asubuhi ukifumbua macho, unaona nini?
Nilitaka kumjibia. Akaniinulia kiganja.
Tukangoja. Nje mtu aliwasha pikipiki mara tatu, ikakataa.
"Naona siku," mama akasema, "na siitaki."

Ugonjwa huu una jina, akasema Bisimwa,
na jina lake si uzee.
Kidonge kimoja, kila usiku.
Hakitafika leo wala kesho,
kinapanda mlima kwa miguu kama sisi watu wa Bukavu;
msikiache njiani.
Na Alhamisi aje, kuna wamama hapa wanachambua maharagwe.
Wanaongea. Au hawaongei.

Wiki ya kwanza, kinywa kikavu. Ya tatu, hakuna kitu.
Ya tano alichambua, akanyamaza, akarudi.
Ya saba siku mbili hakuamka kabisa
na mimi nikabamiza mlango,
kisha nikauomba mlango msamaha.

Jana, Kadutu.
Yule yule wa makaa, bei ile ile.
Mama akaokota kipande, akakigonga kwa kingine,
akategea sikio.
"Haya yana maji. Unaniuzia mvua?"

Walibishana nusu saa kwa faranga mia mbili.
Jua likinichoma, gunia tupu mkononi,
sikuwa na haraka ya kwenda popote.