Imeisha Hiyo

Karakana yangu iko Mwanga, nyuma ya mashine ya kusaga,
na msamiati wake huletwa na Sudi
kila asubuhi, pamoja na mihogo ya kukaanga
iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari la mtu.

Nikisema, "Kata sentimita tisini," anajibu, "Freshi."
Nikisema, "Tisini, si tisini na moja," anajibu, "Mia."
Mia ya nini, kijana? Nimesema tisini.
Anacheka mpaka randa inayumba.
"Mia, fundi. Mia mia. Yaani nimekupata."

Basi najifunza upya lugha niliyonyonya.
Poa si chai iliyosahauliwa mezani.
Shwari si ziwa, ingawa sisi wa hapa
hulitazama ziwa kwanza ndipo tukawajibu watu.
Imenyooka husemwa hata kwa mbao iliyopinda,
mradi msemaji ana haraka.
Na sawa, hii sawa, Mungu aisaidie:
kuna sawa fupi, ya kufunga mjadala;
kuna sawaaa, inayokuahidi huku inaondoka;
kuna sawa ya mke wangu Riziki,
ukiisikia hiyo, geuka ukaombe radhi.

Sijidai. Nasi tulikuwa na yetu.
Baba akimaliza kiti alikikalia, akasema, "Barabara!"
yaani hapana pa kuongeza wala pa kupunguza,
na miaka hiyo barabara ya Kasulu
ilikuwa na mashimo ya kumeza mbuzi na mwenye mbuzi.

Jumanne akaja Bi Zaituni kutoka Ujiji
na kamba ya katani yenye mafundo mawili,
la kwanza upana, la pili urefu.
"Mlango wa chumba changu. Wa zamani umeliwa na mchwa.
Usinipambie. Uwe sawa tu."
Kabla sijauliza sawa ipi
Sudi akaidaka kamba:
"Mama, imeisha hiyo!"

Jumatano, saa moja kamili
(na kamili yake ilikuwa kamili, redio ya jirani shahidi),
mkokoteni ukasimama mbele yetu,
Bi Zaituni ubavuni, kanga begani ya kuufunikia mlango.
"Nimefuata mzigo."
Mninga ulikuwa bado ubao,
umeegemea ukuta, haujui hata msumeno.
"Si mlisema imeisha?"

Sudi akanitazama. Mimi nikaitazama randa.
Utamwelezaje mama wa miaka sabini
kwamba imeisha maana yake haijaanza?
Mwenye mkokoteni akadai ujira wake, kuja na kurudi.
Elfu nne. Nikalipa mimi,
neno lilitoka karakanani kwangu.

Tulikesha siku mbili na taa ya kuchaji.
Ijumaa tukaubeba mlango hadi Ujiji, Sudi mbele, mimi nyuma,
tukipishana na watu waliotuuliza tunahamia wapi.
Tulipokwisha kuutia bawaba
Sudi akaweka pimamaji juu ya fremu.
Lile povu likayumba kushoto kama mlevi,
likajirudi, likapita, likajirudi tena,
likakaa katikati ya mistari miwili
lisitikisike.
Nikangoja. Freshi? Mia? Bomba?
Kijana wa maneno yote yale
alikuwa amebana pumzi.

Bi Zaituni akaingia, akaufunga.
Tukasikia kitu kidogo sana: tk.
Halafu sauti yake, nyuma ya mninga:
"Hasa."
Wala hakufungua kutuaga.

Tukirudi, Sudi akaomba Jumamosi apumzike.
"Poa," nikamwambia.
Hatua kumi hakusema kitu.
Kisha akasimama katikati ya barabara, pimamaji kwapani:
"Poa ya ndiyo, fundi,
au poa ya tutaona?"