Milango Miwili

Juu ya mlango wa mashariki jiwe limechongwa WASICHANA,
juu ya ule wa magharibi, WAVULANA.
Miaka hamsini sasa hakuna anayeyatii mawe hayo.
Binti yangu Ishbel huingia kwa wavulana
kwa kuwa basi linasimama upande huo,
na mvua ya Glasgow haichagui wa kumlowesha.

Mimi shule hii naijua kwa utosi wake.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa
fundi Murdo Geddes aliponipandisha ngazi.
Tulibadilisha vigae majira mazima ya baridi,
upepo ukinizaba makofi bila kosa.
Ndani ya mfereji wa paa nikazoa
mipira ya tenisi iliyoota kuvu,
tai moja, kiatu cha kushoto,
na rula ya mbao, imechorwa kwa ncha ya bikari:
A. Dunsmuir, 1931. Nachukia Kilatini.
Mipira niliitupa.
Rula niliichomeka kwenye buti.

"Watu wa aina yetu," alisema Murdo, mkate mdomoni,
"hapa huingilia juu."
Tulicheka sana.
Kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Barua ya ufadhili ilisema: theluthi mbili.
Theluthi iliyobaki iko juu ya mapaa ya watu,
naifuata kwa magoti.

Ni shule ya kutwa, hailazi mtu.
Desemba, saa kumi kasorobo, giza limeshatanda,
milango inawamwaga wote kwa pamoja,
magari yenye joto yanawapokea.
Nasimama ng'ambo, lami kwenye kucha.
Mama mmoja mwenye mbwa aliyevishwa koti
ananiuliza kama nimekuja kutengeneza kitu.
Leo hapana, namjibu.

Huyo anakuja, ametokea kwa wasichana leo,
yeye na Harpreet, wanabishana, kofia hawakuvaa,
wamepita chini ya lile jiwe bila kulitazama
kama mtu apitavyo chini ya wingu.
"Baba," anasema kabla ya salamu,
"nakichukia Kilatini."

Rula iko nyumbani, kwenye droo ya misumari.
Nimeinua uso kuutazama mfereji, kona ya kaskazini,
pale nilipopiga risasi mbili za ziada bila kuagizwa.
Hauvuji.
"Kichukie," namwambia, nikimpokea mkoba.
Mzito, mkoba huo. Sikuwa nimejua.