Kibaba cha Bingwa

Kikombe kipo jikoni, nyuma ya mtungi.
Mama hukipimia mchele: vitatu siku za kawaida,
vitano akija mgeni.
Fedha imebanduka, bati lachungulia.
Ubavuni pamechorwa TUMA MWAGAMBO, BINGWA WA PWANI,
na mwaka ambao nusu yake imeliwa na chumvi.

Jina lake lilikuwa Tsuma.
Mchoraji hakuijua sauti ile, au aliona haya kuuliza.
Kamati ikataka kikombe kirudi kwa sonara.
Babu akasema: Kiacheni.
Niliowapiga hawakupigwa na maandishi.

Alitoka Kinango na shuka moja,
akapata kibarua Kilindini:
magunia ya chumvi, magunia ya saruji,
meli hii ikiondoka ile inatia nanga.
Ngumi hakufunzwa na mtu.
Alizikuta alfajiri, langoni, kwenye foleni ya namba,
pale namba ni arubaini na watu ni mia.
Karani Menezes alimwona hapo, akampeleka klabuni.
Glavu jozi moja, wanaume kumi na wawili;
ulizivaa zingali na joto la mwenzio.

Wakamwita Winchi.
Mkono ulishuka polepole, ukanyanyua,
wala haukurudisha kitu ulipokitoa.

Usiku wa kikombe, Tononoka,
kengele ilikuwa kipande cha reli na nyundo.
Raundi ya sita jicho la kushoto likafumba,
la kulia likajaa damu.
Nilimpiga, alisema, niliposikia anavuta pumzi.
Shilingi sitini, na hiki kikombe.
Jumatatu nyapara akamkata nusu ya siku:
jicho lililofumba halioni gunia.

Bibi Nyamvula hakwenda hata mara moja.
Alikaa na maji ya moto na leso kuukuu iliyochanwa vipande,
akasikiliza hodi.
Hodi ya kushinda na hodi ya kushindwa
hazikuwa na mlio mmoja,
ila hakuniambia ipi ndiyo iliyokuwa kubwa.

Mapigano thelathini na moja.
Alishindwa manne,
na hayo manne ndiyo aliyotusimulia.

Uzeeni vidole vilikataa vifungo.
Bibi alimfunga shati kila Ijumaa,
naye aliinua kidevu, akatazama dari,
kama mtu anayevishwa glavu.

Mwaka jana nilikwenda ukumbini kuutafuta ubao wa mabingwa.
Umepakwa rangi ya samawati, mikono mitatu.
Mlinzi akaniambia majina yamo humo chini, yamelala.
Nikapitisha kiganja.
Palikuwa na kivimbe, labda herufi,
labda uchafu wa brashi.

Husema haba na haba.
Sijui ni ngumi ngapi zilikijaza hiki,
wala Mama hajali, ana wali wa kupika.
Huchota, husawazisha kwa ubavu wa mkono,
punje zilizozidi
zarudi guniani.