Beringi ya Kulia

Kwanza ilikuwa nong'ono, njia ya Ibra kwenda Sinaw.
Nikadhani ni lami mpya.
Kisha mvumo. Kisha kinu kinachosaga bila nafaka.
Nikikata kushoto linalia,
nikikata kulia linameza mate,
basi nikajua: gurudumu la mbele, la kulia,
beringi imekwisha kula chumvi yake.

Gereji za Sanaiya walitaka riali hamsini na tano.
Nikasema, mikono ninayo.

Baada ya Alfajiri, jua la Agosti halijashika fimbo,
nikaweka tofali nyuma ya matairi,
nikaivaa nati ya ekseli gari lingali chini,
soketi ya thelathini na mbili, na bomba la chuma kurefusha mkono.
Haikwenda.
Nikapanda juu ya bomba kwa miguu miwili,
nikashika paa, nikaruka.
Ikalia kama mfupa. Mundhir akacheka:
"Mama, unavunja au unatengeneza?"
"Vyote viwili. Shika tochi."

Jeki. Stendi. Tairi likalala ubavu.
Kalipa nikaifunga kwa waya, isining'inie kwa mpira wa breki.
Boliti tatu zilitoka kwa matusi ya kawaida,
ya nne kwa matusi ya Unguja,
yale ambayo mama anaamini siyajui.
Lakini habu ilikuwa imeolewa na kutu miaka kumi na minne.
Nyundo huku, nyundo kule,
mafuta, ngoja, kunywa maji, nyundo tena.
Talaka ilipatikana saa tatu na nusu,
chuma kimeshaanza kuunguza vidole.

Nikaizungusha mkononi ile kuukuu:
changarawe tupu, sauti isiyo na pa kukaa.
Mpya niliinunua jana kwa Shaji, Mmalabari wa vipuri.
Yeye alisema beringi, mimi nikasema beringi,
Mbaluchi aliyesimama nyuma yangu akasema beringi,
kila mmoja akilipinda neno kwa kwao,
na kisanduku kikaja kilekile.

Msasa. Grisi, kiasi cha kucha.
Boliti kwa vidole kwanza, kwa nguvu baadaye.
Waya wa sensa nikauingiza taratibu, kama hereni kwa mtoto.
Nati mpya, mpaka spana ya kipimo ikasema tk.

Nikalipeleka hadi mzunguko wa sokoni, nikarudi.
Kimya. Kimya hata nikasikia
baiza hamsini ikitembea ndani ya kibweta.

Mama yuko jikoni, birika halijatelekwa.
"Umerudi saa ngapi?" akauliza.
"Miezi yote hii nakusikia tangu kituo cha petroli,
ndipo natia chai motoni.
Sasa umelinyamazisha. Nitajuaje umefika?"

Sikuwa na jibu.
Nikanawa kwa sabuni ya unga na sukari:
grisi ikatoka kidogo,
hina ikatoka nyingi.