Mguu Pande

Kaburi la kwanza: Koplo Shebwana,
karudi toka Burma na homa, arobaini na sita.
Afisa akavuta kamba, safu inyooke,
nyuso zitazame bendera.
Usiku Mwalimu Athmani akaja na koleo,
akamgeuza kibla.

Wakafuata kumi na wanane.
Kamba ikaoza. Mlingoti ukawa boriti
ya jiko la mtu, papa hapa Shela.
Mchanga ukayasukuma mawe, polepole.

Juzi nikaletwa, saruji begani, pimamaji mkononi:
yanyooshwe, wageni wa serikali waja.
Bi Mwanahalima, mjane wa yule wa mwisho,
kaukalia mfuko wangu, hainuki.
"Hawa wamesimama mguu sawa
ujana wao wote, fundi.
Usiwanyime mguu pande."

Nikapima jiwe la mumewe.
Kiputo kikakimbilia pembeni,
kikatulia.